Mkokoteni wa Kariakoo na trela la Markham

Msimu wa kupiga kambi ukikaribia kamati zetu huundwa haraka sana: kamati ya msosi, kamati ya muziki, kamati ya michango. Kila mwaka naisoma orodha hiyo natafuta kamati moja na siioni. Kamati ya trela.

Mwaka jana tuliazima trela la kulala kwa mzee wetu mmoja hapa Markham, twende Sibbald Point, kwenye Ziwa Simcoe. Si mbali, unashika barabara ya 404 kwenda kaskazini, saa moja hivi umefika. Ijumaa jioni tukapakia. Jamani, Waafrika tunajua kupakia! Mchele, unga, kreti za soda, sufuria la pilau la kutosha harusi, jenereta, madumu ya maji. Mbele palikuwa na meza na viti, kwa hiyo vitu vizito vyote vikaenda nyuma kabisa, chini ya kitanda. Tukapiga picha, tukaomba dua, tukaondoka.

Tulipopita Newmarket trela likaanza kutikisa mkia. Kwanza kidogo tu, ukadhani ni upepo. Halafu likawa linalivuta gari kushoto, linalirudisha kulia, na mtu akazima muziki bila kuambiwa. Tulikuwa watu saba. Dereva wetu, Mungu ambariki, hakukanyaga breki kwa hofu. Aliachia mafuta taratibu, usukani kaushika sawasawa, mpaka mwendo ukapungua. Tukatoka kwenye njia ya kwanza ya kutokea, tukasimama kituo cha mafuta. Kwa dakika kadhaa hakuna aliyesema neno.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba nilijua. Mimi nasoma uhandisi, shahada ya pili. Nilipoona jenereta linapelekwa nyuma nilijua hesabu haikai. Nikauliza mara moja tu, kwa sauti ya chini: "Huu mzigo si ungesogea mbele kidogo?" Nikajibiwa: "Acha kutuchuria bwana, injinia!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na siku ile tungelia familia saba.

Tena jambo lenyewe wala halihitaji digrii. Muulize msukuma mkokoteni wa Kariakoo, au wa Kongowea kule Mombasa. Mkokoteni una ekseli moja. Ukijaza mzigo nyuma, mikono yake inapaa na mwenyewe ananing'inia hewani watu wamcheke. Ukijaza mbele mno, unamkandamiza. Ndiyo maana anapanga magunia, ananyanyua mikono kupima, anasogeza gunia moja, anapima tena. Trela ni mkokoteni huo huo, ila anayevuta ni gari, na gari halilalamiki mpaka mmeshafika kilomita 100 kwa saa.

Kanuni ni rahisi. Asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela likiwa na mzigo iegemee pale linapoungana na gari. Trela la kilo 2,000, basi ni kilo 200 hadi 300. Ikipungua, trela linayumba. Ikizidi, nyuma ya gari inazama na magurudumu ya mbele hayashiki barabara vizuri. Na msisahau kwamba lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 100 likijaa ni sawa na kubeba gunia la mahindi. Nyumbani malori yanapimwa Vigwaza na Mariakani, ekseli kwa ekseli. Trela la kambi huku halipangi foleni na malori, kwa hiyo mzani ni sisi wenyewe.

Pale kituoni tulihamisha mzigo, na ndipo nikainama kuangalia tairi. Kashata zilikuwa nzuri kabisa. Lakini tarakimu nne za ubavuni zilisomeka 2312, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2012. Trela hushinda limesimama miezi mingi, na mpira unazeeka kwa jua na baridi hata usipotembea. Safari iliyobaki tulikwenda polepole kwa barabara za ndani, na tairi mpya zikanunuliwa kabla ya kurudi.

Mtasema kulikagua ni kazi ya mwenye trela. Mzee alitupa trela tupu. Mzigo ulikuwa wetu, na roho saba zilikuwa zetu.

Usiku wa pili mvua ikanyesha, baridi kali, na mshkaji mmoja akataka kuingiza jiko la mkaa ndani ya trela tupate joto. Safari hii sikunyamaza. Nani kati yetu hajasikia habari za nyumbani za watu kulala na jiko la mkaa wasiamke? Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na trela ni chumba kidogo kuliko vyote tulivyowahi kulala. Nikaitwa mchuro tena. Sawa. Asubuhi tuliamka wote.

Kwa hiyo napendekeza kamati ya watu wawili, wafanye kazi yao siku moja kabla ya safari. Wapime upepo wa tairi na kusoma umri wake. Wakaze nati za magurudumu, wazikaze tena baada ya kilomita 100 hivi. Wajaribu taa na indiketa, na breki za trela, ambazo Ontario ni lazima uzito ukifika kilo 1,360. Wafunge minyororo ya usalama. Wajaribu king'ora cha gesi ya sumu. Wahakikishe hakuna anayelala ndani ya trela likiwa njiani, maana sheria hairuhusu. Na wapewe mamlaka ya kusema "hatuondoki" bila kuitwa wachuro.

Dua tutaendelea kuomba. Ila tuombe baada ya kukaza nati.

Naomba kuwasilisha.