Kubadili Nia Si Usaliti



Kila msimu wa uteuzi wa wagombea, neno moja husikika katika vijiji vyetu vya Pwani ya Kusini: "Huyo ni bendera, hufuata upepo." Huambiwa mpiga kura aliyemsifu mgombea mmoja mwezi uliopita, akamtilia shaka wiki hii, na ambaye kesho huenda akamwelekea mwingine.

Tumchukulie mvuvi wa Munje. Anaanza msimu akimuunga mkono mtaka urais aliyeahidi hatimiliki za ardhi. Baadaye anakumbuka kwamba ahadi hiyo hiyo ilitolewa miaka mitano iliyopita, naye anarudi nyuma. Anamsikia wa pili akinena juu ya vyombo vya uvuvi, anavutiwa. Lakini mgombea huyo anaposhindwa kueleza fedha zitatoka wapi, moyo wake unapoa. Majirani wanamcheka. Sisi hatumcheki. Mvuvi huyo anajua kwamba bendera na tanga si kitu kimoja. Bendera hupeperushwa tu. Tanga hugeuzwa na nahodha ajuaye aendako.

Hoja yetu ni hii: haki ya kupiga kura haikamiliki bila haki ya kubadili nia. Na historia yetu inaonyesha gharama tuliyolipa kila haki hiyo ilipofungwa.

Mwaka 1988, chama cha KANU kiliteua wagombea wake wa ubunge kwa mlolongo. Mwananchi alijipanga nyuma ya mgombea au picha yake, mchana kweupe, mbele ya chifu na jirani. Aliyepata asilimia 70 ya mlolongo alihesabiwa kuwa amechaguliwa, wala hakufika kwenye kura ya siri. Ni nani angethubutu kuhama mstari akiwa anatazamwa? Kwa urais hapakuwa hata na mstari, kwa maana mgombea alikuwa mmoja tu. Baraza la Kitaifa la Makanisa lilikuwa limekwisha kuupinga utaratibu huo tangu 1986, likisema kwamba mchungaji anayewahudumia wote hawezi kupangwa hadharani nyuma ya mwanasiasa mmoja.

Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, tulidhani tumevuka. Lakini mwaka 1992 chama cha FORD kilipasuka, na mojawapo ya mambo yaliyokipasua ni swali hili hasa: nani amteue mgombea urais? Upande wa Kenneth Matiba ulitaka wanachama wote wapige kura moja kwa moja. Upande wa Oginga Odinga ulitaka wajumbe wakutane. Hawakuelewana. Zikazaliwa FORD-Asili na FORD-Kenya, na Mwai Kibaki akasimama kwa tiketi ya chama chake cha DP. Tarehe 29 Desemba 1992, Rais Moi alirudi madarakani kwa takriban asilimia 36 ya kura. Wengi waliotaka mageuzi hawakupata kamwe nafasi ya kuwapima wagombea wao pamoja, ndani ya chama kimoja, na kumwacha mmoja kwa ajili ya mwingine.

Kisha ukaja Agosti 1997. Mashambulizi yaliyoanzia Likoni yalisambaa hadi sehemu za Kwale. Walioandamwa zaidi ni ndugu zetu waliotoka bara, waliodhaniwa kuwa kura zao ni za upinzani. Wengine walikimbilia kanisani. Hapo ndipo unapofika uongo wa kwamba kura ya mtu imekwisha kuamuliwa na kabila lake. Ikiwa mtu hawezi kushawishiwa, basi adui yake haoni haja ya kusema naye. Huona haja ya kumfukuza.

Leo Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 38, inatuhakikishia kura ya siri. Hata hivyo, sheria ya vyama iliyorekebishwa mwaka 2022 inaruhusu uteuzi wa moja kwa moja au kupitia wajumbe, na wagombea urais wakuu wa mwaka huo walipitishwa katika mikutano ya wajumbe. Mvuvi wetu aliyepima kwa miezi mingi hakuulizwa. Aliletewa jina.

Lakini asiyeulizwa katika uteuzi bado ana sauti sandukuni. Tarehe 15 Desemba 2020, katika uchaguzi mdogo wa ubunge wa Msambweni, wapiga kura walimchagua mgombea huru, Feisal Bader, katika kiti kilichokuwa cha ODM. Hatusemi kwamba chaguo hilo lilikuwa bora au baya. Twasema kwamba wananchi walionyesha kuwa kiti si mali ya chama.

Basi twawasihi wanaharakati na waumini mambo matatu. Kwanza, anayebadili nia aulizwe sababu kabla ya kutukanwa. Aliyegeuzwa na hoja tumheshimu. Aliyegeuzwa na noti tumwonye kwa upole, kwani huyo ndiye bendera kweli. Pili, kila mmoja ahakikishe yumo katika daftari la chama alichokichagua mwenyewe, kwani mwaka 2021 Wakenya wengi walikuta majina yao katika vyama wasivyojiunga navyo. Awadai viongozi wake uteuzi wa kura ya siri ya wanachama wote. Tatu, viongozi wa dini, makanisani na misikitini, wasimtangazie mtu yeyote kura yake. Wawafunze watu kupima, kisha wawaache wapime.

Mvuvi wa Munje aruhusiwe kugeuza tanga lake mpaka dakika ile anapoikunja karatasi ya kura. Baada ya hapo tutakubali bandari atakayotufikisha, tukijua kwamba safari nyingine ipo.