Unaogopa Homa ya Ndege? Ogopa Kwanza Mathree ya Kukupeleka JKIA

Wasee wa Nyeri, Karatina na Nanyuki, tubonge ukweli. Ukipata viza ya Doha ama Dubai, mathako atakuonya ujichunge na magonjwa ya ndege. Hakuna mtu atakuonya kuhusu mathree inayokupeleka JKIA.

Cheki hesabu. Kwa ndege kubwa za kisasa, hewa hubadilishwa mara 20 hadi 30 kwa saa, na ile inayorudishwa ndani hupitia chujio linalonasa zaidi ya asilimia 99 ya vijidudu. Sasa weka hiyo kando ya mat ya watu 14 ikitoka Nyeri saa kumi alfajiri. Baridi ya Julai, madirisha yamefungwa, msee wa nyuma anakohoa tangu Karatina hadi Thika Road. Karibu kilomita 150 mkipumua hewa ile ile. Ukigusa dirisha, shosho anakuangalia vibaya.

Si eti ndege ni salama kabisa. Mgonjwa akikaa kando yako, kikohozi kitakufikia kabla kifike kwa chujio. Kisa cha kwanza cha Corona Kenya kilikuja na ndege: msafiri aliyetoka Marekani kupitia London, akatua Nairobi Machi 5, 2020. Mutahi Kagwe, aliyekuwa seneta wa Nyeri, ndiye alikuwa waziri wa afya aliyetangaza Machi 13. Mwezi huo huo mat za 14 ziliambiwa zibebe watu 8. Leo nani anakumbuka?

Na hii si story ndogo. Kuanza job Gulf ukiwa kitandani, mbali na nyumbani, deni ya ajenti bado inakungoja, si mchezo.

So fanya hivi. Maski ianzie kwa mat, na uivae tena mkipanda na kushuka ndege, wakati watu wamebanana. Fungua kile kitundu cha hewa juu ya kichwa chako. Osha mikono kabla ya kula. Kunywa maji, juu hewa ya ndege ni kavu sana. Kama unakoenda wanataka cheti cha homa ya manjano, dungwa angalau siku 10 kabla ya safari. Cheti hudumu maisha yako yote.

Na kama ni wewe unakohoa? Vaa maski, fungua dirisha kidogo. Shosho atazoea.