Kompyuta ya mwanao ikikataa, usikimbilie dukani

CHUKUA mfano wa kijana anayesoma Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), Tunguu, na kulala kwao Mji Mkongwe. Kazi aliyoiandika mwezi uliopita ilikwenda vizuri, lakini leo haifunguki. Skrini imejaa maandishi mekundu na kazi inatakiwa Jumatatu. "Mama, kompyuta imekataa," anasema, "nahitaji nyingine." Mama anaanza kuhesabu lini zamu yake ya upatu itafika. Baba ana jibu lake: mtoto kaijaza filamu na magemu mpaka imekufa.

Inawezekana wote watatu wamekosea. Kompyuta ni nzima na kijana hakufanya mchezo. Kilichotokea ni kwamba matoleo ya programu zilizomo ndani yake hayapatani tena.

Anayejifunza kuandika programu haandiki kila kitu mwenyewe. Huchukua vipande vilivyokwisha kuandikwa na wengine, kimoja cha kuchora grafu, kingine cha kupiga hesabu. Vipande hivyo huitwa maktaba. Kila maktaba ina toleo lake, na lugha yenyewe ina toleo lake. Toleo jipya huongeza mambo, lakini pia huondoa mengine. Kijana akipandisha toleo la maktaba moja kwa ajili ya somo la leo, kazi ya mwezi uliopita iliyotegemea toleo la zamani inaweza kukwama.

Mama aliyewahi kuhudhuria kliniki ya wajawazito atalielewa hili haraka. Vidonge vya madini chuma ni vizuri, na chai si sumu. Lakini ukivimeza kwa chai, mwili hupata chuma kidogo. Hakuna anayetupa vidonge wala birika. Unatenganisha muda tu.

Mfano mkubwa ni Python, lugha inayofundishwa sana vyuoni. Toleo la 3 lilitoka Desemba 2008, na halikuelewana na lile la 2. Hata amri ya kuandika neno moja kwenye skrini, ambayo awali haikuhitaji mabano, sasa haiendi bila mabano. Toleo la 2 liliachwa rasmi Januari 1, 2020, lakini masomo yake bado yamejaa mtandaoni. Kijana akilifuata somo la zamani neno kwa neno kwenye kompyuta yenye toleo jipya, itamkatalia, na kosa si lake.

Mambo haya hayako mbali na Unguja. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza mradi wa kupiga picha visiwa vyake kwa droni ili kutengeneza ramani, na wanafunzi wa SUZA walishiriki. Picha za aina hiyo hufanyiwa kazi kwa programu za ramani kama QGIS, ambayo ni ya bure. Februari 2018 QGIS ilitoa toleo la 3 na kuhamia Python 3. Viongezi vilivyoandikwa kwa toleo la 2 havikufanya kazi humo mpaka viandikwe upya. Hakuna kompyuta iliyoharibika kwa hilo.

Dawa yake haiuzwi Darajani. Python 3 huja na chombo kiitwacho venv, kinachoipa kila kazi chumba chake ndani ya kompyuta ile ile. Maktaba za somo hili hazigusani na za somo lile. Kisha kijana hutoa orodha ya matoleo anayotumia kwa amri ya pip freeze, na kuihifadhi pamoja na kazi yake. Siku chumba kikivurugika, anakifuta na kukijenga upya kwa orodha ile. Kujenga upya kunakula bando, lakini bando ni nafuu kuliko kompyuta.

Mzazi huhitaji kujua Python. Muulize mwanao maswali matatu. Nini kimebadilika tangu siku kazi ilipofunguka mara ya mwisho? Mwalimu ametaka toleo gani? Je, kila kazi ina chumba chake? Akianza kujibu, mara nyingi na yeye ataona pa kuanzia.

Yapo kweli matatizo ya mashine. Python 3.9 ya mwaka 2020 na zilizofuata haziingii kwenye Windows 7, mfumo ambao bado unaweza kukutana nao katika kompyuta za mtumba. Hata hapo, muulize fundi kwanza kama mashine inaweza kubeba Windows mpya zaidi, au Linux, ambayo ni ya bure. Na kama bado hujanunua, uliza kabla ya kutoa pesa.

La mwisho ni usingizi. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 kwa usiku. Kijana anayepambana na maandishi mekundu saa nane za usiku hufuta hiki na kuweka kile bila kukumbuka alichogusa, na asubuhi tatizo moja limekuwa matatu. Mwambie anakili kazi yake kwenye flashi, azime mashine, alale. Na wiki ya kukabidhi kazi, asipandishe toleo la kitu chochote.