Damu Yetu Ipimwe kwa Faida Yetu



Kila miezi 6 wenzetu wa mahoteli na mikahawa ya Nyeri, Karatina na Nanyuki huenda kupimwa choo na homa ya matumbo ili wapate cheti cha kushika chakula. Sheria hiyo ni njema, nasi hatuipingi, kwa maana haifai mgeni apewe ugonjwa pamoja na mchuzi. Lakini kipimo hicho ni cha kumlinda mgeni. Mpishi mwenyewe aweza kupewa cheti safi kabisa leo, na huku sukari ya damu yake imekwisha anza kupanda, wala hakuna aliyemwuliza.

Jambo hili si dogo kwetu sisi watu wa chini ya Mlima Kenya. Desemba 2018 Serikali ilipoanza majaribio ya afya kwa wote, ilichagua kaunti 4 tu: Kisumu, Machakos, Isiolo na Nyeri. Nyeri iliingizwa kwa sababu ya wingi wa magonjwa yasiyoambukiza, yaani kisukari, shinikizo la damu na jamaa zao. Na katika uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2015, karibu watu 88 katika kila 100 walikuwa hawajapimwa sukari hata siku moja.

Madaktari wana jina, sindromu ya metaboli, kwa hali itanguliayo kisukari na ugonjwa wa moyo kwa miaka mingi. Hutazama mambo 5. Kwanza kiuno: sentimita 94 au zaidi kwa mwanamume, 80 kwa mwanamke, na utepe wa fundi cherehani watosha. (Vipimo hivyo vya kiuno viliazimwa kwa Wazungu mpaka Waafrika watakapopatiwa vyao, lakini kwa sasa ndivyo vilivyopo.) Pili, shinikizo la damu la 130 kwa 85 kwenda juu. Matatu yaliyobaki yamo katika damu: sukari ya 5.6 au zaidi kabla ya kufungua kinywa. Mafuta yaitwayo trigliseridi ya 1.7 au zaidi. Na kolesteroli nzuri, H.D.L., ikipungua chini ya 1.0 kwa mwanamume au 1.3 kwa mwanamke. Mwenye matatu kati ya hayo amekwisha ingia, hata kama hasikii maumivu yo yote na anabeba gunia kama kawaida.

Hapa pana neno moja la kuangalia. Uchunguzi uliofanywa Marekani umeonyesha kwamba watu wenye asili ya Kiafrika mara nyingi huwa na trigliseridi ya chini hata wakati mwili umekwisha anza kushindwa na sukari. Kwa hiyo mtu akiambiwa mafuta yake ni mazuri asiende zake akisherehekea. Aulize sukari, aulize shinikizo, apimwe kiuno.

Wako wenzetu wasemao kwamba huo ni ugonjwa wa matajiri wenye matumbo. Tunawauliza: dereva wa matatu aketiye kwenye usukani kutwa nzima, chakula chake ni chapati na soda, yeye ni tajiri? Bawabu akeshaye usiku akinywa chai ya sukari ili asisinzie, ni tajiri? Wengine husema, kujua kutanisaidia nini, nami sina pesa ya dawa? Mwaka 2002 Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imepanda lakini haijawa kisukari. Walioagizwa kupunguza uzito kidogo na kutembea kwa haraka dakika 150 kwa juma, hatari yao ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58, kuliko hata wale waliopewa vidonge. Miguu tunayo. Tunachokosa ni kujua mapema.

Kinachotuzuia hasa ni saa za kazi. Damu hii hutolewa baada ya kukaa bila chakula kwa muda wa saa 8 au zaidi, na chai ya maziwa ni chakula. Mtu wa kiwanda cha chai kule Othaya atokaye zamu ya usiku, au mama wa mashamba ya maua ya Timau anayetakiwa kazini asubuhi na mapema, atafika maabara saa ngapi? Kipo kipimo kingine, H.b.A.1.c., kionyeshacho sukari ya miezi 2 au 3 iliyopita bila mtu kufunga, ila bei yake ni kubwa zaidi.

Basi maoni yetu ni haya. Katika mapatano yajayo na waajiri, tudai asubuhi moja kila mwaka yenye mshahara kamili kwa ajili ya kupimwa, na gharama iwe ya tajiri. Tangu Oktoba 2024 sisi hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya afya ya jamii. Nao watoe sehemu yao.

Tena majibu yawe ya mfanyakazi mwenyewe, si ya ofisi ya tajiri. Tunajua hofu iliyopo: mtu akionekana ana sukari, kesho aambiwe kazi imekwisha. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inakataza kumbagua mtu kwa hali ya afya yake, na sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu inahesabu habari za afya kuwa za siri. Hayo yaandikwe ndani ya mapatano kwa maneno yaliyo wazi, la sivyo ni heri tusipimwe kazini, twende wenyewe hospitali.

Wawakilishi wa kila mahali pa kazi wanaombwa kuuliza wanachama wao ni saa ngapi za asubuhi zingewafaa, na kumletea katibu majibu kabla ya mazungumzo kuanza.