Siku ya kupumzika iandikwe kwanza

Wazazi wenzangu, mwezi wa nne mwaka huu niliulizwa swali jepesi kliniki nikashindwa kulijibu.

Nilikuwa nimempeleka kijana wangu kwa ajili ya goti. Ana miaka 14, yuko kidato cha pili hapa Tabora mjini. Mtaalamu wa fiziotherapia alimbonyeza chini kidogo ya pia ya goti, mtoto akaruka. Kisha akanigeukia mimi: "Mama, hebu nipe wiki yake. Jumatatu anafanya mazoezi gani, Jumanne gani, mpaka Jumapili." Nikaanza kwa kujiamini. Nilipofika Alhamisi nikawa namwangalia mtoto, naye ananisahihisha. Wiki ya mwanangu nilikuwa siijui.

Mwishowe ikaandikwa nyuma ya kadi yake. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa baada ya masomo alikuwa na timu ya shule, wakijiandaa na UMISSETA. Mwalimu anawapitisha kwenye mazoezi ya mzunguko: vituo sita au saba kuzunguka uwanja, hapa pushapu, pale kuchuchumaa na kuruka, kamba, mbio fupi, wanavuta pumzi kidogo na kuhamia kituo kinachofuata. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi jioni alikuwa uani kwa jirani, na vijana wakubwa wanaonyanyua vyuma. Vyuma vyenyewe mnavijua, bomba la maji na makopo mawili ya rangi yaliyojazwa zege. Jumapili, mechi ya mtaa.

Siku saba, zote zimejaa.

Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Nilipomfuata mwalimu alishangaa, maana yeye Jumanne na Alhamisi alikuwa amewaachia makusudi wapumzike. Vijana wa uani nao wakaniambia, "Mama, sisi Jumatatu na Jumatano hatugusi chuma." Kila upande ulimpa mapumziko, na mapumziko hayo yakaangukia siku ya kazi ya upande wa pili. Aliyekuwa na nafasi ya kuiona wiki nzima kwa pamoja ni mimi, na nilichokuwa naona ni mtoto anayetoka amevaa raba na kurudi ana njaa. Nilifurahi kwamba hakai vijiweni. Alipoanza kushuka ngazi za barazani kiupandeupande, mkono ukutani, nilimwambia aache kudeka. Neno hilo bado linanichoma.

Alichokuwa nacho kinaitwa Osgood-Schlatter. Ni jina la kutisha kuliko ugonjwa wenyewe. Msuli mkubwa wa paja umeshikizwa kwenye mfupa wa mguu, chini ya goti, kwa kano. Kwa mtoto anayekua, mahali hapo mfupa haujakomaa, na kano ikivutwa kila siku kwa kuruka, kukimbia na kuchuchumaa, panavimba na kuuma. Huwapata sana watoto wanaorefuka haraka huku wakicheza sana. Kwa kawaida hupona mtoto anapomaliza kukua, na cha kwanza kinachotakiwa ni kumpunguzia mzigo.

Kosa letu, mimi na yeye, lilikuwa la mawazo. Tulidhani mzunguko ni wa pumzi na vyuma ni vya misuli, kwa hiyo siku ya kimoja ni mapumziko ya kingine. Lakini paja linalochuchumaa na kuruka kituoni Jumatatu ndilo linalochuchumaa na kopo la zege Jumanne. Kifua cha pushapu ndicho kile kile cha kusukuma chuma juu. Mazoezi makali huuchosha msuli na kuuchanachana kwa kiasi kidogo tusichokiona kwa macho. Nguvu inaongezeka baadaye, mwili unapokarabati, kwa chakula, maji na usingizi. Kwa misuli ile ile kazi hiyo inahitaji kama saa 48. Ndiyo maana wataalamu wanashauri watoto wanyanyue vyuma siku mbili au tatu kwa wiki, zisizofuatana, na wawe na angalau siku moja ya wiki isiyo na michezo ya ushindani kabisa.

Hapa niweke neno kwa wanaosema vyuma vinadumaza mtoto. Havidumazi, mradi uzito uwe mdogo, mtu mzima anayejua awepo, na mtoto afundishwe namna ya kunyanyua kabla ya kuongezewa kilo. Shirika la Afya Duniani lenyewe linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wachangamshe mwili wastani wa dakika 60 kwa siku, na angalau siku tatu za wiki wafanye kitu cha kuimarisha misuli na mifupa. Dakika 60 hizo si lazima ziwe za mateso. Kutembea haraka kwenda shule kumo, baiskeli imo.

Sisi watu wa Tabora jambo hili lisitushangaze, maana mji wetu umekuzwa na watu waliobeba mizigo na kuitua. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kilo 30 hivi begani kutoka huku hadi pwani na kurudi. Msafara uliondoka alfajiri, na mara nyingi ulitua kabla jua halijawa kali. Mwendo wa mchana, ambao waliuita tirikeza, ulifanywa hasa palipokosekana maji, kama katika pori la Mgunda Mkali kabla ya kufika Tura, na wapagazi waliuchukia. Richard Burton na mwenzake Speke waliondoka pwani Juni 27, 1857 wakaingia hapa Novemba 7. Hizo ni siku 134 kwa njia ya takriban kilomita 800, yaani wastani wa kilomita sita kwa siku. Mpagazi aliyezoea njia angeweza kutembea zaidi ya mara mbili ya hapo asubuhi moja tu. Siku nyingine zilikuwa za kukaa kambini: ugonjwa, mabishano ya hongo, kutafuta chakula, na kupumzika. Sipambi safari zile, kwani wengi walifia njiani. Lakini hata mwenye msafara aliyekuwa na haraka zake hakuweza kuwaendesha watu wenye mizigo siku saba kwa saba. Na walipofika hapa, wapagazi walitua mizigo wakatawanyika makwao, Burton akabaki mjini zaidi ya mwezi.

Tulipotoka kliniki tulikaa mezani na karatasi. Ushauri wa yule mtaalamu ulikuwa mmoja: andikeni kwanza siku za kupumzika, halafu mazoezi yagombanie nafasi zilizobaki. Na pia, siku ngumu ziwekwe pamoja. Ni afadhali mtoto afanye mzunguko na vyuma jioni moja, kesho yake apumzike kweli, kuliko kuvigawa katika siku mbili na kuziharibu zote.

Baada ya goti kutulia na kuruhusiwa kurudi uwanjani, wiki yake ikawa hivi. Jumatatu anapumzika, mwalimu alikubali awe anakaa kando akihesabia wenzake. Jumanne baiskeli taratibu na kunyoosha viungo, dakika 20. Jumatano mzunguko, bila vituo vya kuruka, na hapo hapo vyuma vyepesi vya mikono na mgongo. Alhamisi hakuna kitu. Ijumaa kama Jumatano ila fupi zaidi. Jumamosi hakuna kitu. Jumapili mechi, kipindi kimoja tu kwa kuanzia. Vijana wa uani walimcheka wiki mbili, wakachoka.

Karatasi ya kwanza tuliichana, kwa sababu nilikuwa nimesahau kazi za nyumbani. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 za maji, ndoo yenyewe sijaihesabu. Mtoto anayeleta ndoo sita kutoka bombani siku ya mapumziko amenyanyua chuma, hata kama hatujakiita hivyo. Kulima vilevile. Sisemi watoto waache kazi, wangu hawajaacha. Tumehamishia tu maji mengi kwenye siku zake za kazi, na Alhamisi anaosha vyombo. Dada yake ana maoni yake kuhusu mpango huu, nayo si ya kuandikwa gazetini.

Kuhusu sisi watu wazima tunaotaka vyote viwili, ratiba ni rahisi zaidi kwa sababu hatuna mwalimu wa kubembeleza. Vyuma Jumatatu, mzunguko Jumatano, vyuma Ijumaa, jogingi nyepesi na kikundi Jumamosi, siku nyingine ni za kutembea au kukaa. Inatosha. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha kuimarisha misuli kwa mtu mzima ni siku mbili kwa wiki. Mwenye presha, kisukari au ujauzito aanzie kwa daktari, asianzie uwanjani.

Jifunzeni pia kutofautisha maumivu. Ya kawaida huja kesho yake, hukolea siku ya pili au ya tatu, yako pande zote mbili za mwili, na hupungua. Maumivu yanayokaa sehemu moja ya mfupa, yanayomchechemesha mtoto, yanayomwamsha usiku, au yanayokuja na uvimbe kwenye kiungo, hayo si ya kusugua dawa na kungoja. Na kuna moja la hatari, kwa mtoto na mzazi: ukishajichosha kupita kiasi, misuli ikavimba na kulegea, na mkojo ukatoka mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ni misuli inabomoka na mabaki yake yanaweza kuziumiza figo.

Chakula sikukihangaikia sana. Ugali, maharage, dagaa wa Kigoma, matobolwa na karanga akitoka uwanjani. Mabishano makubwa yalikuwa ya usingizi. Umri wake unahitaji saa 8 hadi 10, na alikuwa analala saa sita usiku na simu mkononi, anaamka saa kumi na moja. Sasa simu inalala sebuleni, ya kwangu pia, hayo yalikuwa masharti yake.

Uteuzi wa timu ya wilaya ulipita akiwa nje, barafu gotini kwenye kitambaa. Hakusema nami siku mbili, nami sikumlazimisha. Sasa anashuka ngazi akitazama mbele, ingawa akipiga goti chini bado anakunja uso, na kliniki wanataka kumwona tena kabla mwaka haujaisha. Mwalimu ameipenda karatasi yetu. Amewapa wachezaji wake wote 22 karatasi tupu yenye siku saba waijaze na wazazi wao, wakianza na siku za kupumzika. Mpaka juzi zilikuwa zimerudi tisa.