Siku 30 za CMA

Ukiachishwa kazi una siku 30 tu kufikisha lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Mlinzi wa geti aliyefukuzwa atatoa wapi hela ya wakili, na kodi ya chumba anadaiwa? Sheria inamruhusu awakilishwe na chama cha wafanyakazi, wakili, au mwakilishi binafsi anayemchagua mwenyewe. Hiyo njia ya tatu nani anawaambia wafanyakazi? Jirani yangu alijaza fomu ya lalamiko vizuri kabisa, akakwama kwa sababu hakuwa na uthibitisho kwamba mwajiri amepokea nakala. Saini moja tu! Vyama navyo (vinajua kukata ada) viweke mtu wa kukagua fomu hizo kabla hazijapelekwa.