Mwaka 1780 si ushahidi

Anayekuta riale ya fedha ndani ya kasha la marehemu bibi yake huko Mbwajumali, kisiwani Pate, kwanza atatafuta mwaka. Atasoma 1780, na papo hapo ataanza kupiga hesabu ya mashua mpya. Asiwe na haraka.

Riale hiyo ina sura ya Maria Theresa, mtawala wa Austria aliyefariki mwaka huohuo. Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na wa pwani yetu waliizoea hivyo, wakasitasita kupokea yenye sura nyingine. Basi Vienna ikaendelea kuipiga na mwaka uleule. Katika miaka ya 1930 na 1940 ikapigwa pia Roma, London na Bombay. Kwa hiyo riale inaweza kuwa ya fedha halisi na bado ikawa changa kuliko bibi mwenye kasha. Huo si ughushi, ila bei ya wakusanyaji wa sarafu hapo hushuka.

Ughushi wenyewe hunaswa na mizani. Riale kamili ni gramu 28.07, na fedha ni sehemu 833 katika kila 1,000. Mizani ya samaki haifai. Inatakiwa ile ya sonara. Juu yake huwekwa kikombe cha maji, mizani ikarudishwa kwenye sifuri, kisha riale ikaning'inizwa kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini wala kando. Namba iwe karibu na gramu 2.8. Ikizidi 3, hiyo ni shaba nyeupe au metali nyingine nyepesi. Ikishuka hadi 2.5, huenda ni risasi iliyopakwa fedha. Sumaku, ambayo wengi huiamini mno, hunasa chuma na metali nyingine chache tu. Ukingoni nako kuna maneno ya Kilatini yaliyoinuka, IUSTITIA ET CLEMENTIA. Yakiwa yamefifia ilhali sura haijachakaa, kuna shaka.

Kuikata kwa tupa, kuitia asidi au kuisugua kwa ndimu na majivu ni kuiharibia thamani.

Na kipo cha kale kuliko riale. Kisiwani Pate humohumo, pale Shanga, waakiolojia walioongozwa na Mark Horton walifukua vijisarafu vya fedha vyenye umri wa miaka zaidi ya 1,000, vidogo mno. Asiyejua angevitupa. Anayeokota cha namna hiyo shambani akipeleke Makumbusho ya Lamu kabla ya kwenda kwa sonara: sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi inataka ugunduzi huo uripotiwe.